Nyota ya Nyan Tun

Siku Nyan Tun alipoanza kazi kwangu alikuja na kijiti. Nilidhani ni cha kutembelea, maana mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la mianzi la mafundi wa pagoda, mnara wetu wa ibada, kule kwetu Mawlamyine. Kumbe wapi. Nilimmwagia kapu la kwanza la nguo chafu sakafuni nikamwambia achambue, nyeupe huku, za rangi kule. Akachutama, akaanza. Mashati ya wanaume aliyashika kwa mikono miwili. Alipofikia nguo ya kike ya kujifunga kiunoni, akachukua kijiti chake, akaiinua kwa ncha kama mtu anayemtoa nyoka ndani ya nyumba, akaitupa pembeni.

"We Nyan Tun," nikamwambia, "hiyo nguo ina ukoma?"

"Hapana, Dada San."

"Sasa?"

"Ah, Dada San. Si unajua mwenyewe."

Nilijua, na ndiyo maana hasira zilinipanda. Mimi nimezaliwa chini ya kilima kilekile cha Mawlamyine alikozaliwa yeye. Kwetu mwanamume huzaliwa na kitu tunachokiita hpon, na kwa hapa niseme tu ni nyota yake. Hukaa bega la kulia. Nguo ya kiunoni ya mwanamke, tamein, ikimpita mwanamume juu ya kichwa, au ikifuliwa beseni moja na kikoi chake, nyota hufifia, na mwenye nyota iliyofifia hapandi cheo, hapati kazi, na akipanda juu huanguka. Kwa hiyo mwanamke ana beseni lake na kamba yake, chini, nyuma ya nyumba. Hakuna anayekukalisha akakufundisha. Unamwona mama yako anavyofanya, basi.

Mimi nilifika hapa Penang, nchi ya Wamalei, nina miaka ishirini na mitatu, nikaolewa na Teik Huat, Mchina mwenye duka hili la dobi. Wiki ya kwanza ya ndoa alizoa nguo zangu na zake akazitia zote mashine moja huku anapiga mluzi. Nililia siku mbili. Nilimsubiri afe. Aliishi miaka ishirini na sita zaidi akaja kuchukuliwa na kisukari, na hata hivyo siku ya mazishi nilisimama pale nikijiuliza. Huo ndio ubaya wake. Unajua si kweli, na bado unajiuliza.

Basi nikamwambia Nyan Tun kwamba hapa mjini watu hula kwa kufua, na nusu ya nguo za dunia ni za wanawake. Akaitikia, "Ndiyo, Dada San," akaendelea na kijiti chake. Uani kwangu nguo huanikwa kwenye mianzi juu ya njia. Yeye alikuwa akitaka kwenda mtaroni hatapita chini yake. Atatoka mlango wa mbele na ndoo yake, azunguke nyumba nne kwa mguu wake ule, aingie kwa nyuma. Majirani walidhani namwadhibu.

Aliyemtoa kijiti si mimi. Ni Bi Rokiah, mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu, Mmalei, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha darasa zima. Kila Alhamisi huleta vazi lake la kuswalia, jeupe, la vipande viwili, cha juu cha kufunika kichwa mpaka magotini na cha chini cha kujifunga kiunoni. Alhamisi moja aliliwahi kabla halijawa tayari, akaingia mpaka uani. Kipande cha juu kilikuwa kwenye mashine. Cha chini Nyan Tun alikuwa amekiloweka kwenye beseni jeusi kando ya mtaro, pamoja na matambara ya kupigia deki.

"San! Ile ni nini pale?"

Nyan Tun akajibu kwa Kimalei chake cha kuokoteza, kwa adabu zote.

"Ni ya chini, bibi. Ya kike. Za namna hiyo naziwekaga mbali."

"Ya chini! Hiyo ndiyo ninayosimama nayo mbele ya Mola wangu mara tano kwa siku, wewe unaniwekea na matambara?"

Ndipo alipoelewa alichofanya. Akapiga magoti, akaunganisha viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, kama tunavyowafanyia wakubwa kwetu tukiomba radhi. Bi Rokiah akaruka nyuma utadhani amemwagiwa mafuta ya moto.

"Simama! Simama wewe! Unataka kunitia dhambini? Hasujudiwi mtu hapa!"

Nyan Tun akadhani amekataliwa msamaha, akainama tena. Mara ya tatu nikamvuta kwa ukosi wa shati. Alipoinuka alinyoosha mkono, maana alishaona watu wa hapa wakipatana kwa kupeana mkono. Bi Rokiah akaficha wake nyuma.

"Sikushiki mkono," akasema, "na si kwa hasira. Wewe ni mwanamume, si mume wangu, si mwanangu, si kaka yangu. Kwetu ni heshima."

"Basi na mimi, bibi," Nyan Tun akasema, karibu kulia, "sikuishika nguo yako kwa dharau. Kwetu ndiyo hivyo."

Nilicheka. Sikupenda kucheka lakini nilicheka, wawili hawa wanaoheshimiana mpaka hawawezi kugusana. Bi Rokiah hakucheka. Alimtazama juu mpaka chini.

"Mama yako alikubeba miezi tisa, mwanangu. Alikubeba wapi? Kichwani?"

Akaondoka. Wiki nzima Nyan Tun alinifuata huku na huko dukani: "Dada San, swali lile mtu hulijibuje?" Nikamwambia kama halina jibu aache kulitafuta, afue. Alhamisi iliyofuata Bi Rokiah alikuja na vazi lilelile, akavuta kiti, akakaa akimsimamia Nyan Tun mpaka alipomaliza kulifua lote kwa mikono yake. Kijiti sikukiona tena. Mwaka ulipokwisha alikuwa anapita chini ya mianzi akiwa na mzigo, na hakuna mtu Penang aliyekunja nguo ya kike kama yeye, pembe kwa pembe.

Lakini nyumbani hakusema. Wanasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, nami naongeza kwamba ya mtaa mzima huijua dobi, ila ya dobi mwenyewe nani aijuaye? Kwa mama yake na mkewe yeye alikuwa mpokea mizigo hotelini.

"Mama akijua atakufa," aliniambia.

"Daw Kyi Ngwe? Hafi yule." Namfahamu mama yake tangu utotoni. Ni mwanamke anayeweza kumnyamazisha muuza samaki sokoni kwa kumtazama.

Miaka sita ikapita hivyo. Kisha mwaka huu, mwezi wa tatu, mkewe Sabei akaja kwa kibali cha siku thelathini. Jambo lilikuwa moja tu, na wote watatu tulilijua. Katika siku hizo Sabei aamue. Akiridhika, atabaki afanye kazi kwangu, karatasi nilishaziulizia, na binti yao Hnin wa miaka tisa, aliyeachwa kwa bibi yake, ataletwa. Asiporidhika atarudi Mawlamyine moja kwa moja, na ndoa ya miaka sita ya simu itakwisha kama betri inavyokwisha. Nyan Tun alimtaka. Alipaka chokaa chumba cha juu ya duka, akanunua mapazia, akayabadilisha, akanunua mengine. Siku ya kumpokea aliniomba jambo.

"Siku hizi thelathini tu, Dada San. Habari ya hoteli nitamwambia nimepewa likizo, nakusaidia tu. Mbele yake nipe mashati ya wanaume peke yake."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Si maradhi. Ni siku thelathini."

Nikakubali. Sijui kwa nini. Labda kwa ajili ya yale mapazia.

Sabei alikuwa mwembamba, mwepesi wa mikono, mwenye macho yanayouliza kabla ya mdomo. Asubuhi ya kwanza aliteremka ngazi.

"Dada San, shikamoo. Beseni la wanawake liko wapi?"

"Hapa mabeseni yote ni ya watu."

Alidhani namtania. Akaenda sokoni akajinunulia lake, jekundu. Tamein zake alizianika nyuma ya tangi la maji, usawa wa magoti, akazifunika kwa taulo. Pale jua halifiki. Nilimwambia zitanuka uvundo.

"Nimezoea," akasema. Hakulalamika. Alisema tu, kama mtu anayekwambia saa. Mimi ikabidi nitoke, niende mpaka kona ya mtaa nirudi.

Na ndivyo nilivyokuwa siku zote zile. Sikai. Nilipanga makapu yaliyopangwa, nilipiga pasi vitu visivyohitaji pasi, nilimzomea muuza mboga bure. Asubuhi, kabla Sabei hajashuka, Nyan Tun alifua za wanawake mbiombio. Sabei akishuka anamkuta na shati. Mimi katikati, mzee wa miaka hamsini na tano, nalinda mlango kama mwizi.

Tena Sabei alikuwa ameanza kuupenda mji. Alikaa kwenye cherehani ya marehemu mume wangu, akaanza kushona vifungo na mikunjo iliyofumuka, na wateja wakaanza kumuulizia kwa jina. Siku ya kumi na mbili alisema, "Shule ile ya kona, Hnin angeipenda." Nyan Tun aliimba siku ile, na hana sauti.

Siku ya kumi na tano, mume yuko nje akipeleka mzigo, Sabei alinisimulia habari ya kuanguka. Sikumuuliza. Alikuwa anapinda suruali, akaanza tu.

"Asubuhi ile niliacha tamein dirishani, Dada San. Niliiosha usiku, Hnin alikuwa bado mdogo, sikuweza kumwacha niende nyuma. Upepo ukaiangusha juu ya koti lake la kazi. Alilivaa, hakujua. Saa nane mchana akaanguka."

"Nani alisema ndiyo sababu?"

"Mama mkwe. Aliutangazia mtaa mzima. Nilibeba maji ya kuomba radhi kupanda kilima cha pagoda asubuhi arobaini na tisa, mpaka pale wanawake tunaporuhusiwa kufika. Mpaka leo sifulii uani kwake. Naenda kijitoni."

"Na mumeo alisemaje?"

"Alikuwa hospitalini. Alikuwa na maumivu."

"Alipotoka?"

"Alikuja huku." Akakata uzi kwa meno. "Kila nikimwona anavyochechemea najua ni mimi."

Jamani. Nusura nimwambie kila kitu pale pale. Neno lilifika mdomoni nikalimeza, likanikaa kifuani siku nne kama kipande cha wali mkavu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo tusemavyo, na nilijiona na mimi nimekuwa mmoja wa wale wanaotazama kanda la usufi.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Jumamosi. Mpwa wa Bi Rokiah alikuwa anaolewa, na duka lilijaa nguo za harusi za ukoo mzima, nguo za kiunoni za wanawake zilizofumwa kwa nyuzi za dhahabu, nzito. Sabei alikuwa amekwenda sokoni kununua samaki. Ningemtuma mbali zaidi. Nyan Tun alitoa mzigo uani akiwa ameutupa begani, na Bi Rokiah amesimama mlangoni anamsifu kwa sauti yake ile ya darasa.

"Mwangalieni! Miaka sita nguo zangu hazishikwi na mtu mwingine. Hata binti zangu hawajui kunikunjia hivi."

Nilisikia kapu likianguka nyuma yangu. Sabei amesimama mlango wa nyuma, samaki chini, macho kwenye bega la mumewe. Bega la kulia. Kimalei hakukijua, lakini ya nini Kimalei? Alipiga kelele moja, akamrukia, akazing'oa zile nguo begani kwake, zikamwagika sakafuni, za dhahabu juu ya samaki. Bi Rokiah akashika kichwa.

"Nani amekuwekea? Baba Hnin, nani amekuwekea hizi?"

"Sabei, tulia."

"Dada San, ni wewe? Unamtia mume wangu chini ya nguo za wanawake, mtu aliyekwisha kuanguka mara moja?" Alianguka magotini, akaanza kumfuta bega kwa kanga yake ya kichwa, akilia. "Mimi mara ya kwanza, sasa huku tena. Utakufa. Utakufa safari hii."

Nyan Tun akachutama mbele yake. Na hapo, kwa kutaka kumtuliza, maskini, akasema neno la kweli.

"Sifi, Sabei. Ndiyo kazi yangu. Sijawahi kufanya kazi hotelini. Miaka sita nafua hizi, nazibeba, napita chini yake kila siku ya Mungu. Tazama. Sijapata hata mafua. Hakuna kitu."

Sabei akaacha kumfuta.

"Miaka sita?"

"Miaka sita."

"Na hakuna kitu?"

"Hakuna."

Bi Rokiah, ambaye hakuelewa neno hata moja, alielewa vya kutosha, akaokota nguo zake moja moja na kuvuta mlango nyuma yake.

"Basi ile siku," Sabei akasema polepole, "ulianguka kwa nini?"

Nilikuwa namtazama Nyan Tun usoni. Nimelea duka hili miaka thelathini, najua uso wa mtu anayesema doa lilikuwepo tangu zamani. Uso huo ndio alioufanya.

"Ajali," akasema.

"Nyan Tun," nikamwambia, "sema."

"Dada San, haya mambo ya..."

"Sema, au mshahara wako na mapazia yako uyachukue uondoke nayo leo hii!"

Akaikalia sakafu, mguu mbovu mbele. Hakumtazama mkewe. Alisema kuelekea kwenye pasi.

"Kulikuwa na ngumi siku ile. Sikukuu ya pagoda. Nilitaka kuwahi pambano la kwanza. Fundo la kamba ya kufungia mwanzi wa jukwaa linazungushwa mara tatu. Nikazungusha mara moja. Nikajisemea, nikirudi nitamalizia. Nilirudi, nikapanda, nilikuwa nimesahau."

"Ulijua," Sabei akasema.

"Nilijua nilipokuwa bado hewani."

Nilingoja amtukane. Ningekuwa mimi ningemtupia pasi. Sabei aliinuka, akaokota samaki, akawaosha, akawapika. Tulikula watu watatu, na samaki walikuwa na chumvi inavyotakiwa, jambo lililonitisha kuliko kelele.

Kuanzia siku hiyo hakusema kama atabaki wala kama ataondoka. Alishona. Nyan Tun alimzunguka, akimletea chai, akimletea maembe yaliyokwisha kumenywa, akianza sentensi asizozimaliza. Mimi nilitembea. Nilipanda ngazi sijui nafuata nini, nikashuka. Nikasimama mbele ya madhabahu ya marehemu Teik Huat nikamuuliza, akanitazama kwenye picha na tai yake. Siku ya ishirini na nne, baada ya chakula cha mchana, Sabei akaweka simu ya mumewe juu ya meza ya kupigia pasi.

"Mpigie mama yako."

"Nimwambie nini?"

"Yale uliyoiambia pasi."

"Sabei, mama ni mzee. Itakuwa aibu. Mtaa mzima..."

"Mtaa mzima," Sabei akarudia. Basi.

Akapiga. Alikosea kubonyeza mara mbili. Sabei akaifungua sauti ili sote tusikie. Daw Kyi Ngwe akapokea, na nyuma yake zilisikika kengele za pagoda na jogoo wa mtu.

"Mwanangu! Umekula?"

"Nimekula, Mama. Mama, mimi si mpokea mizigo. Mimi ni dobi. Nafua nguo. Na za wanawake. Miaka yote sita."

Jogoo akawika.

"Ni yeye," Daw Kyi Ngwe akasema. "Yule mwanamke. Amekufuata mpaka huko akakutia humo."

"Mama, amekuja mwezi huu tu. Humu nilimo niliingia mwenyewe." Akafumba macho. Niseme ukweli, nilidhani ataishia hapo. Alikuwa na njia ya kuishia hapo. "Na ile siku ya kuanguka, Mama, haikuwa nguo ya Sabei. Fundo nililifunga mimi. Nilizungusha mara moja badala ya tatu. Ni mimi."

"Najua," mama yake akasema.

Nyan Tun akafumbua macho.

"Unajua nini?"

"Msimamizi alinionyesha kamba siku ileile, pale hospitalini. Unadhani mimi mtoto? Ingejulikana, nani angekupa kazi tena juu ya jukwaa? Mzembe yule, ataniua na mimi, ndivyo mafundi wenzako wangesema. Lakini mtu aliyeharibiwa nyota na mkewe, watu humwonea huruma. Walituletea mchele, umesahau? Walikuchangia nauli ya kwenda huko. Jina lako lilikuwa linakufa, nikalishika. Lake lilikuwa jina la mkwe tu. Mkwe hubeba."

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Baba yako alipozama mtoni walisema ni tamein yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nimebeba miaka thelathini na minne. Uliwahi kunisikia nikilia?"

Mimi nilikuwa nimeshika kona ya meza. Maneno yote niliyoyaandaa dhidi ya mwanamke yule tangu siku ile ya kumi na tano yalinitoroka. Nilimwonea huruma, na nilitaka kumzaba kofi, yote kwa wakati mmoja. Nyan Tun alikuwa analia wazi, mtu mzima, kamasi na yote.

Sabei akavuta simu karibu yake.

"Mama, ni mimi. Nilikuwa nasikiliza."

Daw Kyi Ngwe akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuijua, "Umekula?"

"Nimekula. Hnin yuko wapi?"

"Yuko nyuma. Anafua."

"Anafua nini?"

"Nguo zake. Nimempa beseni lake. Ana miaka tisa sasa, lazima aanze kujua."

Sabei aliinamisha kichwa karibu kabisa na simu. Alizungumza kwa heshima zote, kama mkwe anavyozungumza.

"Mwambie aache, Mama. Amwage hayo maji. Namfuata."

Akakata. Hakugombana na mtu. Alikamilisha kifungo cha mwisho cha shati alilokuwa akilishona, akalikunja, kisha akapanda juu kufungasha. Nilimkatia tiketi ya Jumanne. Nyan Tun alimbebea begi mpaka kituo cha mabasi ya uwanja wa ndege, nami nikafuata nyuma kwa sababu sikuweza kukaa dukani. Alichechemea mbele yake, akageuka, akachechemea tena, akageuka. Basi lilipowasha injini ndipo alipothubutu.

"Utarudi?"

"Nitarudi. Na Hnin. Dada San ana kazi yangu, na shule nimeiona."

"Na mimi, Sabei?"

Alikuwa tayari kwenye ngazi ya basi. Alimtazama kwa muda mrefu, mpaka dereva akapiga honi.

"Wewe fua," akasema, na mlango ukafungwa.